Muvi ni 20, "na ya kutoa": bei mpya isijifiche nyuma ya ada

Ijumaa moja jioni tulisimama kwenye duka moja la muvi pale Free Area, Nakuru. Duka lenyewe ni dogo: kompyuta moja, spika mbili, na foleni ya watu wanne, kila mmoja na fleshi yake mkononi. Ukutani kulikuwa na karatasi iliyofifia imeandikwa "Muvi 20/=".

Kijana wa mbele alichagua muvi mbili, moja ikiwa ile iliyotafsiriwa na DJ Afro. Akauliza, "Ni ngapi, bosi?"

"Arobaini. Lakini ukituma kwa simu, ongeza ishirini ya kutoa."

Kijana akatazama karatasi ya ukutani, akatazama simu, akatuma sitini. Mama aliyekuwa nyuma yake na mtoto akarudisha fleshi yake mkobani. "Wacha nitakuja kesho na pesa mkononi," akasema.

Sote tunajua hiyo "kesho" ya dukani. Mara nyingi maana yake ni kwamba sirudi.

Mambo mawili yalitokea pale. Bei ya muvi ilipanda kutoka 20 hadi 30, na hakuna aliyesema imepanda. Lawama yote iliiangukia simu. Sisi tunafanya kazi ya malipo ya simu, kwa hiyo mnaweza kudhani tunajitetea. Kidogo ni kweli. Ila kuna swali hapa linalomgusa mteja, mwenye duka na sisi pia: bei ikipanda, ni haki mteja aambiwe nini?

Bei lazima ingepanda

Tuanze kwa kumtendea haki mwenye duka. Wengi wetu tunakumbuka siku za kukodi kanda ya video unayorudisha kesho yake, na ukiirudisha bila kuizungusha mwanzo unagombezwa. Zikaja VCD, zikaja DVD za 50 bob zilizopangwa kwenye mifuko ya plastiki. Siku hizi hakuna hata diski. Unaleta fleshi, unawekewa, unaenda zako. Kwa kuwa hakuna kitu cha kushika, mteja anaona kama anauziwa hewa, na hewa anataka iwe bei rahisi.

Duka haliendeshwi kwa hewa lakini. Linataka stima, na bei ya stima ilipandishwa Aprili 2023. Linataka intaneti. Linataka diski kubwa za kuhifadhia, na hizo huagizwa kutoka nje kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Baadaye mwaka huo ilishuka hadi karibu 130, lakini aliyenunua vifaa wakati ule alikuwa ameshalipa. Kuna landlodi. Kuna kibali cha biashara cha kaunti. Kuna leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ambayo sheria inamtaka kila anayesambaza filamu kwa umma awe nayo.

Hapo kwenye leseni tuseme neno moja tusonge. Si kila duka lina ruhusa ya filamu linazouza, na kila msomaji wetu analijua hilo. Waliotengeneza filamu, wakiwemo wale wa Riverwood pale River Road, Nairobi, wanastahili jasho lao. Duka linalofuata sheria lina gharama zaidi ya lile lisilofuata. Kwa hivyo ukikuta duka lenye leseni ukutani linauza kwa bei ya juu kidogo, kumbuka kwamba kuna watu wengine pia wanaokula kwenye hiyo bei.

Kwa kifupi, shilingi 20 ya juzi haiwezi kufanya kazi ya leo. Mwenye duka akisema sasa ni 25 au 30, hajakosea. Kosa ni kuifanya bei mpya ijifiche ndani ya maneno "ya kutoa".

Tupige hesabu

"Tuma na ya kutoa" ni msemo wa Wakenya wote. Ukimtumia ndugu yako pesa za dharura kule Molo au Gilgil, ni ustaarabu kumwongezea ya kutoa ili pesa imfikie nzima. Ule msemo ulizaliwa kwa ndugu na marafiki, halafu ukahamia dukani. Ulipofika dukani, hesabu yake ikabadilika.

Tutumie ada za M-Pesa, kwa sababu ndizo kila mtu anazijua, na tuchukue zile zilizokuja baada ya Sheria ya Fedha ya 2023. Kumtumia mtu hadi shilingi 100 ni bure. Kutuma kati ya 101 na 500 ni shilingi 7. Kutoa kwa ajenti kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29.

Sasa chukua duka linalouza muvi 20 kwa siku kupitia simu, kila moja kwa 20. Hiyo ni shilingi 400. Mwenye duka akienda kwa ajenti jioni kutoa 400, atakatwa 29. Gawanya kwa muvi 20: ada ya kutoa kwa kila muvi ni shilingi moja na senti 45.

Lakini kila mteja ameongeza shilingi 10. Wateja 20 mara 10 ni 200. Kwenye simu sasa kuna 600, na kutoa 600 bado ni 29. Amekusanya 200 "ya kutoa", amelipa 29, na 171 imebaki mfukoni mwake.

Asipoenda kwa ajenti kila siku, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Akingoja siku nne, muvi zinakuwa 80, na pamoja na nyongeza simu ina 2,400. Ada ya kutoa bado ni 29 ile ile. Wateja wamechanga 800 kwa ajili ya ada ya 29.

Hatusemi ameiba. Pengine hiyo 171 ndiyo inayolipa tokeni za stima. Tunachosema ni kwamba shilingi 10 ile haikuwa ya kutoa. Ilikuwa bei. Na mteja aliyeambiwa ni ada aliambiwa kitu ambacho si kweli, hata kama aliyemwambia hakuwahi kukaa chini akapiga hesabu.

Na hiyo asilimia 15?

Ukiuliza sana, utajibiwa, "Ni serikali, walipandisha kodi ya kutuma pesa." Hapa pia kuna ukweli uliochanganywa na kitu kingine.

Kodi ya ushuru kwenye huduma za kutuma pesa kwa simu ilianza 2013 kwa asilimia 10. Ikaenda 12 mwaka 2018, na 15 mwaka 2023. Ni kweli ilipanda. Lakini watu wengi, hata wafanyabiashara wa miaka mingi, wanaamini kwamba ni asilimia 15 ya pesa unayotuma. Hapana. Ni asilimia 15 ya ada. Kama hakuna ada, hakuna kodi.

Rudi kwa ile 29 ya ajenti. Ndani yake kodi ni karibu shilingi 4. Kodi ilipotoka 12 kwenda 15, kilichoongezeka kwenye kutoa kiasi kama hicho ni chini ya shilingi moja. Ile shilingi moja, ikigawanywa kwa muvi 20, ni senti 5. Haiwezi kuwa sababu ya kuongeza shilingi 10 kwa muvi moja.

Hatuipigii debe kodi. Mwananchi ana haki ya kuilalamikia. Lakini ukitaka kulalamika vizuri, anza kwa kujua unakatwa ngapi na ni nani anayekata.

Mteja akiona bei imepanda, anafanya nini?

Wenye maduka wengi hufikiri mteja aliyelipa bila kelele ameridhika. Kwa tuliyoyaona na kuyasikia kutoka mjini hadi Njoro na Naivasha, kunyamaza kuna sura nyingi.

Kuna anayehama. Nakuru si mji wa duka moja. Ukitoka duka hili kwenye mtaa wenye watu wengi kama Kaptembwo au Rhonda, hutembei mbali kabla ya kuona jingine. Huyu hasemi kitu. Unamkosa tu.

Kuna wanaochanga. Wanafunzi wa Egerton wanne, chumba kimoja, fleshi moja. Zamani kila mmoja alinunua muvi yake. Sasa mmoja anatumwa, wengine wananakili kwake. Duka limepandisha bei kwa asilimia 50 na limepoteza wanunuzi watatu kati ya wanne.

Kuna anayepunguza. Alikuwa anachukua tatu za wikendi, sasa anachukua moja, na mwezi wa kwanza, ile Njaanuary, hachukui kabisa. Mwisho wa mwezi, wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Naivasha wakilipwa, anarudi. Mwenye duka anasema biashara ni ya msimu. Huenda ni bei ndiyo imeifanya ya msimu.

Kuna anayetuma pungufu. Ameambiwa 60, anatuma 40 na kuonyesha ujumbe upesi upesi huku anatembea. Ukimwita anasema, "Si imeandikwa ishirini pale ukutani?" Na kwa kweli, imeandikwa.

Kuna anayekopa. Salio halitoshi, anafuliza ili apate muvi. Mkopo mdogo wa kila wikendi nao una gharama yake, na pesa ya mshahara ikiingia, deni ndilo linalokula kwanza. Ushauri wetu hapa ni mmoja: muvi si dharura. Ikiwa huna, ngoja.

Na kuna anayerudisha pesa. Analipa, anawekewa muvi, akifika nyumbani anaomba malipo yabatilishwe, eti alikosea namba. Huyu tunamwambia waziwazi: huo ni wizi. Kubatilisha muamala kuliwekwa kwa ajili ya makosa ya kweli. Ukikitumia kulipiza kisasi cha shilingi 20, unamfanya kila mwenye duka akatae simu, na siku utakayokosea namba kweli, hakuna atakayekuamini.

Ukizitazama sura zote sita, utaona jambo moja. Wengi wao hawakukasirishwa na shilingi 10. Shilingi 10 haimalizi mtu. Walikasirishwa na kuona 20 ukutani na kusikia 30 mdomoni.

Marekani walipita njia hii hii

Si Nakuru peke yake. Marekani kulikuwa na kampuni inayoitwa Redbox, yenye vibanda vyekundu vya mashine nje ya supamaketi na migahawa. Unaingiza kadi, mashine inakutolea DVD, unairudisha kesho. Kwa miaka mingi bei ilikuwa dola moja kwa usiku.

Mwishoni mwa Oktoba 2011 Redbox ilipandisha bei hadi dola moja na senti 20. Na sababu iliyotoa itawafurahisha wenye maduka wa Nakuru: kampuni ilisema gharama zimepanda, zikiwemo ada za kadi za benki. Mwaka ule sheria mpya ya kule ilikuwa imebadilisha ada hizo, na badala ya kuwapunguzia wote, waliouza vitu vya bei ndogo walijikuta wakikatwa zaidi kuliko mwanzo. Ada ambayo haionekani kwenye kiti cha dola 100 huonekana sana kwenye muvi ya dola moja. Ndiyo shida yetu ile ile: kitu kidogo, ada isiyopungua.

Lakini angalia walivyofanya. Waliongeza asilimia 20, si 50. Wakatangaza bei mpya kuwa bei. Ilikuwa senti 20 ndani ya bei, iliyoandikwa kwenye mashine. Mteja hakukuta dola moja imeandikwa halafu mashine ikamwambia "na ya kadi".

Mwaka huo huo Netflix, ambayo wakati huo ilikuwa pia ikituma DVD kwa posta, ilitenganisha huduma zake. Mteja aliyekuwa akipata DVD na kutazama mtandaoni kwa dola 9.99 akaambiwa sasa ni dola 15.98. Hiyo ni asilimia 60 kwa mpigo mmoja. Ndani ya miezi mitatu kampuni ilipoteza wateja wapatao 800,000 wa Marekani, na mkuu wake akaomba radhi hadharani kwa jinsi walivyolieleza jambo lile.

Tusidanganyane kwamba uwazi unaponya kila ugonjwa. Redbox yenyewe ilifungwa 2024: watu walikuwa wamehamia kutazama mtandaoni, na kampuni mama ilikuwa imezama kwenye madeni. Maduka yetu ya muvi nayo yanakabiliwa na mtandao. Ndiyo maana tunasema hayana nafasi ya kuchezea imani ya mteja. Mteja aliyebaki na duka la mtaani amebaki kwa sababu anamjua mwenye duka, anashauriwa ni muvi gani kali, na hachomi bando. Ukimpotezea hiyo imani, umempa sababu ya mwisho ya kuondoka.

Kwa nini kila mtu anapenda kuruka kutoka 20 hadi 30?

Kuna jambo ambalo simu ingeweza kusaidia, na bado haisaidii.

Bei zetu za mtaani zimefuata sarafu. Tuna sarafu ya shilingi moja, tano, kumi na ishirini, lakini nani anabeba za moja? Mwenye duka hana chenji ya shilingi mbili, na mteja hataki kupewa peremende badala ya chenji. Kwa hiyo bei inakaa 20 mwaka baada ya mwaka, hata gharama zikipanda, hadi mwenye duka anaumia kabisa. Siku akibadilisha, anaruka moja kwa moja hadi 30. Kwake ni shilingi 10 zilizochelewa. Kwa mteja ni nusu ya bei imeongezwa ghafla usiku mmoja.

Simu haina shida ya chenji. Mtu anaweza kulipa 22 leo, 24 mwaka ujao, bila peremende na bila ugomvi. Redbox iliweza kuweka dola moja na senti 20 kwa urahisi kwa sababu watu wake walilipa kwa kadi. Sisi hapa tuna malipo ya simu tangu 2007 na bado tunapanga bei kana kwamba kila mtu anabeba sarafu.

Na tusisahau mwaka 2020. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Desemba, wakati wa korona, kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure. Mama mboga, mtu wa boda na duka la muvi wote walizoea kupokea hata 20 bob kwa simu. Ada ziliporudi, kutuma hadi 100 kulibaki bure. Yaani mteja wa muvi moja bado hakatwi chochote akituma. Mazoea mazuri tuliyapata, lakini hatukuyatumia kupanga bei vizuri.

Maoni yetu

Tunaona hivi. Bei ikipanda, iitwe bei. Muvi ikiwa 25, iandikwe 25, na iwe 25 kwa pesa taslimu na kwa simu. Gharama ya kutoa pesa ni gharama ya biashara kama stima na kodi ya duka. Hakuna anayemwambia mteja "ongeza tano ya landlodi". Ziingie zote kwenye bei moja, na mteja aamue kama anaiweza.

Bei moja iliyo wazi inaweza kumpoteza mteja mmoja leo. Bei mbili, moja ya ukutani na moja ya mdomoni, zinawapoteza taratibu, bila wewe kujua kwa nini.

Na sisi wa malipo ya simu hatujajitoa kwenye lawama. Ada zikibadilika, tunatuma ujumbe mfupi wenye kiungo cha jedwali refu, halafu tunajiambia tumeshamfahamisha mteja. Jedwali lile nani analisoma akiwa kwenye foleni? Kama watu hawajui kwamba kutuma 20 ni bure, au kwamba kodi ni ya ada na si ya pesa yote, sehemu ya kosa ni yetu. Mtu akisema "ya kutoa" na hakuna anayejua ni ngapi, ni kwa sababu tumeiacha hiyo "ngapi" iwe fumbo. Makala haya ni sehemu ndogo ya kulipa deni hilo.

Wewe mteja, fanya hivi

Uliza bei kamili kabla hujawekewa muvi. Swali ni fupi: "Jumla ni ngapi nikituma kwa simu?" Ukiuliza baadaye, tayari fleshi yako iko kwenye kompyuta yake.

Uliza unalipa kwenye nini: till, Pochi, au namba yake ya kawaida. Ukilipa kwa till ya kununua bidhaa, wewe hukatwi ada. Na kwenye Lipa na M-Pesa, malipo ya hadi shilingi 200 hayamkati mwenye duka pia. Kwa hiyo mtu mwenye till akikuomba "ya kutoa" kwa muvi ya 20, muulize kwa upole ni ya kutoa wapi.

Ukilipa kwa namba ya kawaida na jumla imepita 100, kumbuka ada inaanza. Muvi sita za 20 ni 120. Ukituma kwa mara moja ni shilingi 7 juu. Ukituma 100 kisha 20, zote mbili ni bure. Ndiyo, tunakwambia sisi wenyewe.

Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukishakosea, usingoje, omba kubatilisha mara moja. Lakini kwa kosa la kweli tu.

Ukiona bei imezidi, sema. "Bosi, ukutani ni 20, hii 10 ni ya nini?" Mwenye duka anayeambiwa anaweza kujirekebisha. Anayekimbiwa hawezi.

Wewe mwenye duka, nawe

Badilisha ile karatasi ya ukutani. Hii ndiyo kazi ya kwanza na haigharimu kitu. Andika bei mpya na tarehe itakayoanza, wiki moja mapema, ili mteja wa Ijumaa asishtukie Ijumaa.

Ongeza kidogo kidogo. Kutoka 20 hadi 23 kwa wanaolipa kwa simu ni rahisi kumeza kuliko 30. Ukiogopa mambo ya chenji kwa wa pesa taslimu, weka bei ya muvi mbili: mbili kwa 45, kwa wote.

Tenganisha pesa za duka na za nyumbani kwa kutumia till au Pochi. Utajua umeuza ngapi, na hutakula faida bila kujua. Kwenye Pochi mteja pia hawezi kukurudishia malipo kirahisi kama kwenye namba ya kawaida.

Usitoe kila jioni. Kama tulivyoona, kutoa 400 na kutoa 2,400 ni ada moja. Ukitoa mara moja badala ya mara nne, umeokoa 87. Na pesa isiyotolewa haina ada ya kutoa: nunua tokeni kwa simu, lipia intaneti kwa simu, na kama landlodi anapokea kwa simu, mlipe huko huko baada ya kulinganisha ada. Wengi wakifanya hesabu hii wanagundua kwamba "ya kutoa" waliyokuwa wakiwaomba wateja hawakuwa wakiihitaji.

Mwisho

Tulipita tena Free Area wiki chache baadaye. Karatasi ya ukutani ilikuwa mpya, imeandikwa kwa kalamu nene: "Muvi 25. Simu ama cash ni moja." Tulimuuliza mwenye duka biashara ikoje. Akacheka, akasema kuna waliolalamika siku ya kwanza, halafu wakachagua muvi.

Yule mama wa "kesho" hatukumwona. Labda alikuja siku nyingine, labda alishapata duka jingine. Huyo ndiye mteja tunayemfikiria tunapoandika haya. Hakupiga kelele, hakutukana mtu, hakubatilisha chochote. Alirudisha tu fleshi mkobani, na mtoto wake akalala bila katuni ya wikendi, kwa sababu ya shilingi 10 ambayo hakuna aliyeweza kumweleza ni ya nini.